Stendi Isiyojua Kukaa Chini

Watu wakisikia kwamba napiga picha za nyota, huniuliza kwanza habari ya darubini: ni kubwa kiasi gani, inavuta umbali gani. Nawaacha waulize. Darubini ni bomba tu lenye kioo. Kinachopiga picha ni stendi, kile chombo cha chini kinachoibeba darubini na kuizungusha polepole ili iifuate nyota, kwa sababu dunia inazunguka na nyota haimngoji mtu. Anayeanza humaliza akili yake yote kwenye kuchagua bomba, kisha huliweka juu ya stendi inayotikisika kama jino bovu, akapata picha za nyota zilizovutika kama minyoo. Mimi kosa hilo sikulifanya. Nililifanya jingine, na aliyeumia kwalo si mimi.

Stendi zipo za namna mbili. Ya kwanza huenda juu na chini, kulia na kushoto, kama mzinga wa vita. Ni nyepesi, ni rahisi, inafaa kutazamia mwezi na kuwafurahisha wageni, lakini picha ya muda mrefu itakuharibikia. Ya pili ina mhimili unaolazwa sambamba na mhimili wa dunia yenyewe. Ukishaulenga sawasawa kaskazini na kusini, mota moja ndogo inatosha kuifuata nyota usiku kucha. Neno la kushika hapo ni sawasawa. Ukiulenga kombo, kila picha utakayopiga itakwambia.

Nilikwenda kuchagua yangu Diani, kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao kwa maradhi na akiuza vitu vyake. Nilikwenda na mjomba. Mjomba ni ndugu wa mama yangu, na kwetu mjomba ana sauti juu ya mwana wa dada yake kuliko hata baba mzazi. Baba alikuwa mkata miwa Ramisi, akafa nikiwa na miaka tisa, nikaletwa kwa mjomba huku upande wa Msambweni. Yeye alikuwa mwashi. Likizo zangu zote za shule zimeishia kwenye saruji yake.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne aliniachia nijenge ukuta wa choo. Niliweka safu tatu za mawe, akaja na timazi yake, akaona umeinama upana wa kidole. Hakunipiga. Aliniambia niubomoe kwa mikono, jiwe baada ya jiwe, mbele ya mafundi wenzake, huku akiwahadithia kwamba dada yake alizaa akadhani amezaa mtu. Walicheka mpaka saa ya chai. Nilipofaulu mitihani alisema, "Haya." Nilipoajiriwa kufundisha fizikia aliuliza ni nani sasa atakayemkorogea udongo. Sikumbuki hata siku moja aliyonisifu, na nimeitafuta.

Lakini kitu kisichotikisika alikuwa akikijua, ndiyo maana nikaandamana naye. Mle gereji mlikuwa na stendi mbili, moja nyepesi na moja nzito ya chuma. Mjomba aliomba glasi ya maji. Akaiweka juu ya ile nyepesi, akaupiga mguu wake kwa kiganja, akahesabu. Maji yalitetema mpaka tisa. Akaihamishia juu ya ile nzito, akapiga tena, na alipofika mbili maji yalikuwa yametulia.

"Chukua hii," akasema. "Nyumba ni msingi."

Yule Mzungu alisema hajapata kuona jaribio zuri kuliko lile. Nami mpaka leo humwambia kila anayeniuliza: chukua glasi ya maji.

Kilichotupita sote wawili ni kipimo cha ubavuni. Stendi za namna ile zina kipimo cha digrii kinachoonyesha mhimili umeinuliwa kiasi gani, nawe huuinua kwa kadiri ulivyo mbali na ikweta. Huko kwa Wazungu huinuliwa digrii hamsini na kitu. Msambweni ni nne na nusu, yaani mhimili unalala karibu na ardhi. Kipimo cha stendi yangu kilikomea ishirini na tano, hakishuki zaidi ya hapo. Waliiunda watu wa baridi kwa ajili ya watu wa baridi, wala haikuwapitia akilini kwamba mtu atataka kuitumia Kwale. Kumbe ndiyo maana ilikuwa gereji ikila vumbi. Mwashi hakupaswa kulijua hilo. Mwalimu wa fizikia alipaswa.

Jioni ile ile niliisimamisha uani, mjomba akaja kutazama. Nikalegeza skrubu, nikaiinamisha, ikakataa. Nikailazimisha, chuma cha kusawazisha uzito kikaugonga mguu wake, stendi yote ikalala ubavu. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake mtaa mzima unalo. Mwalimu kanunua kiti cha Ulaya, hakijui kukaa chini. Nikipita barazani kwenda kununua mkate, nasikia nyuma yangu: mwalimu, kiti kimekaa? Wanafunzi wangu wakalipata. Wiki sita nzima nilikuwa mtu wa kiti.

Nikaenda Ukunda kwa fundi wa kuchomelea, mtu wa bara, aliyeniuliza kama ni ya kuwekea dishi la televisheni. Alinitengenezea kabari ya bamba nene la chuma, ya digrii ishirini na moja, ya kuweka chini ya stendi ili iiname kiasi kilichobaki. Juu ya kabari nilimwambia achonge kijishimo cha kukalia dira. Upande wetu wa kusini hakuna nyota kubwa ya kukuonyesha ncha ya mhimili ilipo, na hapo ilipo, chini kabisa, ni minazi na ukungu wa bahari. Basi nilikuwa nalenga kwa dira. Niliibandika dira mahali pake, nikaigeuza stendi mpaka sindano ikatulia, nikajiona bingwa.

Picha zikatoka minyoo. Nikailaumu pepo ya kusi, nikailaumu chumvi ya hewani, nikamlaumu yule Mzungu na kabila lake. Dira sikuilaumu.

Sasa sikiliza jambo moja. Ukiwa Msambweni, Makka iko kaskazini, karibu kaskazini tupu. Maana yake ni kwamba kibla chetu na mhimili wa stendi yangu vinafuata mstari mmoja. Msikiti wetu uko nyuma ya ua wangu, na ukuta wake wa ubavu nauona nikiwa kando ya stendi. Jioni moja nilitazama stendi, nikatazama ukuta, nikaona havilingani. Nilipima mara nne. Ukuta ulikuwa umekwenda kombo digrii tisa upande wa magharibi. Furaha iliyoniingia siwezi kuificha. Msikiti ule aliujenga mjomba.

Aliujenga miaka thelathini nyuma, na kibla chake alikipata mwenyewe kwa kijiti na uzi. Alisimamisha kijiti mchana, akachora duara chini, akatia alama kivuli kilipoligusa duara kabla ya adhuhuri na kilipoligusa tena baada yake, akagawa katikati. Hilo ndilo lililokuwa jina lake. Akifa mtu, mjomba huitwa makaburini na ule uzi wake kulaza mstari wa kaburi ili maiti aelekee kibla. Hakuchukua chochote kwa kazi hiyo. Alisema hiyo ndiyo kazi atakayoonyesha akiulizwa akhera.

Ningeweza kumwambia imamu faraghani. Nilichagua Ijumaa kwa sababu watu huwa wengi. Baada ya swala niliomba ruhusa ya kusema neno, nikaileta stendi mpaka mlangoni na kabari yake na dira yake. Nikaeleza polepole, kama darasani. Imamu, mtu wa heshima, alisema tofauti ndogo haibatilishi swala na watu wasitie shaka. Hapo ningekaa kimya nami ningekuwa nimeshinda. Sikutaka kushinda tu.

"Ukuta huu hautazami Makka," nikasema. "Ukiufuata unafika Sudani."

Watu walicheka, ndani ya msikiti. Mjomba alikuwa safu ya kwanza, mahali pake. Aliinuka akaja mlangoni, akaitazama stendi kwa muda.

"Umepima kwa kitu gani?" akauliza.

"Kwa dira, mjomba. Na kwa chombo ulichonichagulia mwenyewe."

"Na kivuli umekipima?"

"Kivuli ni cha watu wasiosoma."

Hapo hakucheka mtu. Mjomba alivaa viatu vyake, kimoja baada ya kingine, akishika ukuta. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu matatu tayari, mojawapo la yule mtoto wa dada yake ambaye si mtu. Alikwenda zake.

Watu walitoa simu zao wapime wenyewe, na kila simu ikaja na kibla chake, moja ikaelekea baharini, maana pale mlangoni kuna vipaza sauti na mabati na pikipiki za watu. Nikawaambia simu ni vitu vya kuchezea, ndiyo maana wenye elimu wana vyombo. Kamati ikakubali. Zulia likapigwa mistari mipya, watu wakaanza kusali wamegeukia kulia kidogo ndani ya msikiti ulionyooka. Makaburini nikabeba stendi yangu, nikalenga kwa dira, nikachimbia vigingi viwili vya saruji, ili kila kaburi litakalochimbwa lifuate mstari wangu na asisumbuliwe mtu tena.

Mjomba akawa Fundi Sudani. Jina halikutoka kinywani mwangu lakini nililisikia, na sikulikemea. Mtu wa jirani aliyekuwa amepatana naye amjengee nyumba alimwendea mwashi mwingine. Akifa mtu, wachimbaji waliangalia vigingi vyangu, na uzi wa mjomba ukabaki umening'inia nyumbani kwake kwenye msumari. Msikitini hakuonekana tena. Barazani hakuna aliyeniuliza habari ya kiti. Mkuki kwa nguruwe, nilisema moyoni, na nililala vizuri. Miezi saba nililala vizuri. Picha zangu zilikuwa bado minyoo.

Mwezi wa Januari jirani yangu alitundika taa kubwa ya ulinzi, ua wangu ukawa mchana. Nilitaka kupiga Kilimia, kile kishada cha nyota, kabla msimu wake haujapita, basi baada ya isha nikaihamishia stendi ubavuni mwa msikiti, kwenye ujia ulio kati ya ukuta na tangi la maji. Ujia ni mwembamba. Stendi haikuingia ila kwa kulazwa sambamba na ukuta, miguu miwili imeugusa. Dira ilisema niko kombo digrii tisa. Nikasema potelea mbali, nipige hivyo hivyo nione minyoo mirefu zaidi.

Nyota zilitoka nukta. Kila moja, punje ya chumvi. Nikapiga ya dakika mbili, nukta. Nikapiga ya dakika nne. Nikaitoa stendi ujiani, nikaielekeza kwa dira, nikapata minyoo. Nikairudisha ukutani, nukta. Watu walikuwa wameshatoka msikitini, nami nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa mjomba, nikaichomoa dira kutoka kijishimo chake juu ya bamba la chuma. Nikatembea nayo hatua tano. Sindano ikageuka taratibu ikalala sambamba na ukuta.

Chuma kikiwa karibu huivuta sindano ya dira. Hilo ni somo la kidato cha kwanza. Nimelifundisha miaka kumi na saba, na kila mwaka kuna mtoto mmoja asiyeshika, nami humsimamisha mbele ya wenzake.

Kesho yake shuleni nilisimamisha kijiti kwenye uwanja, nikachora duara. Nilijua nitakachopata. Nyota zilikuwa zinaniambia tangu picha ya kwanza.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mjomba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na nilikuwa nimeapa kuyasema. Mke wake alinifungulia, akaniambia hali si nzuri, tangu Idi hajatoka kitandani. Nilipoingia chumbani nilijigonga goti. Kitanda kilikuwa kimewekwa mshazari, kimekikata chumba kidogo kile vipande viwili, hata mlango wa kabati haufunguki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pita huko, usijigonge." Alikuwa amekwisha, mikono ile imebaki mifupa. Akanielekezea kitanda kwa kidevu. "Nasali nimelala siku hizi. Nikawaambia wakigeuze kifuate mstari wako. Hebu kitazame. Kimekaa sawa?"

Nikamwambia, mjomba, nimekuja kwa jambo hilo hilo.

"Ngoja niseme kwanza," akasema. "Niliona uchungu siku ile. Uchungu mwingi. Kisha nikafikiri. Miaka thelathini nimewalaza watu kombo, na hakuna aliyejua ila wewe. Nikamwambia huyu mke wangu, yule mwana kasoma. Yule hakosei." Akavuta pumzi. "Ulikuwa na jambo gani?"

Nimeingoja sifa hiyo tangu ukuta wa choo. Ilikuja namna hiyo, mahali hapo, na nikaipenda. Nasema kweli: kabla ya aibu, kabla ya huruma, niliipenda. Nilikitazama kitanda, nikalisogeza godoro kidogo nionekane nafanya kitu.

"Kimekaa sawa, mjomba," nikasema. "Nilikuja kukuangalia tu."

Nilijiambia nitamwambia akipata nafuu. Nilikwenda mara nne katika wiki tatu zile, na kila mara nikamkuta amelala kwa mstari wangu, akanikaribisha kama mtu mkubwa. Akafa alfajiri ya Jumatano.

Mke wake ndiye aliyenipa uzi. Aliutoa kwenye msumari, umezungushwa kwenye kijiti chake kile kile, akasema mjomba aliusia mimi ndiye nimlaze. Makaburini ni nyuma ya msikiti. Nilifika wachimbaji wameshasimama na majembe yao, na vigingi vyangu viwili pale, vimeota ukoga, na makaburi sita ya tangu mwaka ule yote yamepangwa navyo.

Kaburi lilazwe sambamba na ukuta wa mbele wa msikiti, ndio sawa. Niliutazama ukuta. Nilichomeka kijiti, nikauvuta uzi, nikaulaza kama ulivyo ukuta, nikaufunga. Ulikuwa uzi ulionyooka, na kwa muda ule mdogo nilikuwa nimemrudishia msikiti wake.

Mkuu wa wachimbaji ni mtu mzima, mpole, aliyefanya kazi na mjomba siku nyingi. Alikuja akachuchumaa kando yangu. Akatazama uzi, akatazama vigingi, akasema kwa sauti ya chini ili asiniaibishe.

"Mwalimu, uzi hauendi na mstari wako. Msiba huo, umekuchanganya. Usituletee tena Sudani."

Watu walikuwa wamefika. Imamu alikuwa amefika, na kamati, na wazee wa baraza, na wanafunzi wangu wawili watatu, na wenye maiti zao katika yale makaburi sita. Wote walikuwa wakinitazama kwa huruma, wakinisubiri.

"Kweli," nikasema. "Nimechanganyikiwa."

Nikaufungua uzi wake, nikausogeza upande wa kichwa kama shibiri moja na nusu, ukalingana na vigingi. Wakaanza kuchimba.